Koti Langu Lilikuwa Kazini

Mwanangu Skola,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye meza yako, hii ya sebuleni karibu na dirisha, ambayo kwa miezi mitano umetukataza kuweka juu yake hata kikombe cha chai. Wewe na mama yako mmekwenda Kaengesa kumuaga bibi, na ninavyowajua kwa maneno, nyote watatu mkikutana hamwezi kumaliza kabla ya jioni. Kesho alfajiri basi linakuchukua kwenda Dodoma. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja wa Jumapili kusema jambo ambalo kwa wiki tatu nimeshindwa kulisema nikikutazama usoni.

Habari za kula vizuri, kusali na kuchagua marafiki sitazigusa. Mama yako ameshazisema zote na bado ana akiba. Mimi nimebakiwa na makosa yangu tu, na moja kati ya hayo linakuhusu wewe zaidi kuliko linavyonihusu mimi. Nitalifikia. Usiruke kurasa kulitafuta, kama unavyofanya kwenye barua za ofisini kwenu. Nivumilie nianze na koti.

Unalikumbuka lile koti la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko. Ukiwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini Jumatatu asubuhi natoka nalo na halirudi nyumbani mpaka Ijumaa, tena na baridi yote hii ya Sumbawanga. Nikakujibu, "Limebaki kazini." Ukaenda kuwatangazia wenzako shuleni kwamba koti la baba yako ni mtumishi wa serikali. Mwalimu wenu alinisimulia huku akicheka, nami nikacheka naye. Nilicheka kwa sababu ulikuwa umesema kweli tupu.

Mwanangu, ofisi yetu ilikuwa na mstari mwekundu. Daftari la mahudhurio lilikaa mezani kwa Bwana Osward, afisa utumishi wetu, na ikifika saa moja na nusu alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari. Aliyesaini juu ya mstari amewahi, aliyesaini chini yake amechelewa. Mimi sikuwahi kusaini chini. Miaka ishirini na minane masjala, jina langu liko juu ya mstari, mvua inyeshe au upepo uvume. Nikishasaini naingia masjala, natundika koti mgongoni mwa kiti, nafunua jalada moja mezani, naweka juu yake kalamu isiyo na kifuniko. Kisha natokea mlango wa nyuma, napanda baiskeli, nakwenda Kasense shambani. Msimu wa palizi nilikuwa nalima kuanzia saa tatu mpaka saa nane, halafu narudi kusaini kutoka.

Mtu akiniulizia aliambiwa, "Yupo, koti lake lile pale." Na aliyejibu hivyo hakuwa anaongopa, kwa jinsi tulivyoelewa sisi. Kila mmoja alikuwa na koti lake. Kuna mwenzetu mmoja hakuwa na koti, tukamchangia anunue.

Hayo mahindi na ulezi wa Kasense ndiyo yaliyokusomesha, kwa hiyo sijui nikuombe msamaha kwa hilo au nidai shukrani. Nimelifikiria mara nyingi na kila mara napotea njia.

Lakini kuna siku moja ambayo haina utata. Alikuja mwalimu mmoja, binti wa umri kama wako sasa, amefunga mtoto mgongoni. Alikuwa anafundisha mbali, huko chini bondeni, na mumewe alikuwa anafanya kazi Kaengesa. Aliomba uhamisho. Kilichotakiwa ni jalada lake lipande kwa mkubwa siku ile, maana orodha ilikuwa inafungwa. Jalada lilikuwa kwenye droo yangu, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwangu, na mfuko ulikuwa Kasense kwenye matuta ya maharage. Akaambiwa, "Ngoja, yupo." Akakaa kwenye benchi kutoka saa tatu. Niliporudi saa tisa kasoro na tope kwenye viatu, nikamkuta bado amekaa, mtoto amelala. Upepo ulikuwa umeliangusha koti langu chini. Yeye aliliokota, akalipangusa vumbi, akalirudisha kwenye kiti.

"Shikamoo baba," akaniambia. "Nimeshinda na koti lako."

Hakusema kwa hasira. Nilimwambia aje kesho. Kesho yake orodha ilikuwa imeshafungwa, na alikaa bondeni mwaka mzima zaidi, yeye na mtoto, mume upande mwingine. Mwaka huohuo, siku ya Mei Mosi, nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari kwa sababu ya mahudhurio yasiyo na doa. Ndicho hicho kilichotundikwa ukutani juu ya meza yako. Umefanya kazi chini yake miezi mitano na hukuwahi kuniuliza nilikipataje.

Sasa tuje kwako. Ulipopiga simu kusema jengo lenu la Dodoma linakarabatiwa, meza hazitoshi, na nyinyi wa kumbukumbu za watumishi ambao kazi yenu yote iko kwenye mfumo wa kompyuta mnajaribiwa kufanyia kazi nyumbani, nilifurahi sana. Nilichofurahia ni kwamba unarudi. Hilo la kazi sikulielewa, na badala ya kuuliza nikajifanya nimelielewa. Nilijua tu kwamba mtoto wangu anakuja nyumbani na mshahara unaendelea, nikasema kimoyomoyo kwamba hii serikali sasa imekuwa na huruma.

Ukaja, ukaweka kompyuta hapa, ukajifunga kanga na soksi za sufu, ukaziba masikio kwa vile vidude vyako. Mimi nakuangalia. Natafuta kazi iko wapi siioni. Kwetu kazi ilikuwa na vumbi, ilikuwa na muhuri, ilikuwa na mtu amesimama dirishani anakohoa ili umwone. Wewe unatazama kioo, mara unacheka peke yako, mara unasema "ndiyo mkuu" na hakuna mkuu.

"Skola, kuku wameingia kwenye mchicha!"

"Baba, niko kazini."

"Najua. Lakini mchicha unaliwa."

Ukainuka, ukafukuza kuku, ukarudi. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mgeni akija, Skola njoo usalimie. Gesi ikiisha, Skola. Shangazi yako akitaka mtu wa kumsindikiza hospitali, si Skola yupo? Mama yako alinionya. Yeye ni mtu wa Mbeya, tena mfanyabiashara, anajua maana ya mtu kukaa kwenye meza yake. Akaniambia, "Baba Skola, huyu mtoto ungemkuta dukani kwangu ungemtuma kufukuza kuku?" Nikamwambia dukani ni dukani.

Ukawa unafidia jioni. Nilikuona, na nikadhani unacheza.

Sasa nisome taratibu hapa. Siku ile ya kusaga nilikuomba upeleke debe la mahindi mashineni ukishakula mchana. Ulisema foleni inaweza kuwa ndefu. Nikasema, "Mama, ni hapo tu." Ukaenda. Umeme ukakatika kata yetu yote ya Mazwi, mashine ikasimama, nawe ukakaa pale kwenye foleni. Simu yangu ikaita. Alikuwa mkuu wako wa kitengo. Kumbe uliniandika mimi kwenye fomu kama ndugu wa karibu, na simu yako ilikuwa inaongea na mtu mwingine kwa muda mrefu.

Mama yule alinisalimia kwa heshima kabisa. "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Skola yupo kazini hapo?"

Mimi nilisikia neno mkuu, nikasimama wima kama vile ananiona. Nikataka ajue kuwa wewe ni mtoto mwema na sisi ni watu wenye shukrani. Haya ndiyo maneno yangu, nimeyarudia kichwani hadi nimeyakariri: "Marahaba, marahaba mama. Yupo, nimemtuma mashineni kusaga. Tunawashukuru sana kwa likizo ndefu mliyompa. Tangu afike amepumzika, na hapa nyumbani kazi zote ni yeye. Mungu awabariki."

Kisha akasema, "Haya mzee, asante. Nimeelewa."

Nilikata simu nimeridhika. Nilimwambia hata mama yako kwamba leo nimekusemea vizuri kwa bosi wako. Sikumwambia maneno yenyewe.

Kwa hiyo ilipokuja barua ya kukutaka utoe maelezo, na ya kukurudisha kituoni, ukaisoma kwa sauti tukiwa mezani. Ilisema umebainika kutumia muda wa kazi kwa shughuli za nyumbani, ikiwemo kusaga nafaka. Ulipofika hapo kwenye kusaga nafaka nilikuwa na tonge mkononi. Ukaanza kulia. Ukasema, "Baba, kule ofisini aliyejua niko mashineni ni Anitha peke yake. Nilikuwa naongea naye. Alisikia kelele za watu." Ukasema tena kwamba Anitha anataka nafasi yako, kwamba mmesoma pamoja, mmepanga chumba kimoja, na kumbe ni nyoka. Mama yako akakushika bega. Mimi nikameza lile tonge.

Skola, hakuwa Anitha. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu, nikatoka nje, nikatembea mpaka kwenye bomba na kurudi. Bado ndiyo ileile. Ni mimi, na nimekaa wiki tatu nikikuona unakataa kupokea simu za rafiki yako. Juzi ilipoita, ukaigeuza kifudifudi mezani, lakini nilikuwa nimeshaona jina lake, nikasema moyoni sasa hivi namwambia. Nikakuuliza kama unataka chai.

Usinitafutie udhuru. Sikukaa kimya kwa kuwa mimi ni mzee nisiyejua mambo ya mtandao. Nilikaa kimya kwa aibu. Nyani haoni kundule, na mimi nililiona langu siku hiyo. Mtu ambaye koti lake lilimfanyia kazi miaka ishirini na minane amemponza binti aliyekuwa anafanya kazi kweli, tena kwa sentensi ya shukrani. Ningemwambiaje mtu hilo mezani?

Maana ulikuwa unafanya kazi. Nimejua baadaye. Ile simu na Anitha kwenye foleni ya mashine ilihusu mzee mmoja wa Mtwara, mlinzi wa shule, ambaye jina lake kwenye cheti ni tofauti na lililo kwenye barua ya ajira, na anastaafu karibuni. Nimejua kwa sababu wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa barazani chini ya dirisha hili, nikakusikia unaongea na mzee huyo, simu umeipaza sauti, ukimwambia kwamba jambo lake ulishalizungumza na mwenzako ukiwa kwenye foleni ya mashine. Ulimwambia, "Babu, usikate simu, tafuta tu kile kipande cha karatasi, mimi nipo." Akaenda kutafuta. Ukasubiri. Nikahesabu moyoni, nikadhani sasa utachoka umwambie apige kesho. Hukuchoka. Aliporudi akakusomea herufi mojamoja, na wewe unaandika, na mwisho nikasikia yule mzee analia huko kwao.

Mimi masjala nilikuwa nina herufi zote za watu mbele yangu, na nilikuwa nawaambia njooni kesho.

Ungetegemea baada ya hapo ningekuwa na jambo la hekima la kukuambia juu ya kazi. Sina. Nimevurugikiwa. Nilidhani kazi ni mahali, kisha nikakuona wewe na soksi zako nikadhani basi kazi si mahali. Halafu usiku huo huo, kabla sijalala, akanijia mtu mwingine. Miaka ile alikuja mjane mmoja dirishani kwangu, hana barua, hana simu, hana hata namba ya jalada la mumewe. Alikuwa na jina tu na njaa. Siku hiyo kwa bahati nilikuwepo mwenyewe, si koti. Nilimwona anavyoshikilia ukuta, nikamnunulia uji kwanza, halafu tukatafuta jalada mpaka tukalipata. Sasa huyo angekuja kwenye meza yako ya sebuleni kwa njia gani? Mfumo ungemwona anatetemeka? Labda una jibu. Wewe ungesema, "Baba, ndiyo maana wengine wabaki ofisini na wengine nyumbani." Na mimi ningekubali, halafu kesho yake nisingeelewa tena ni wepi wabaki wapi, na nani atajua nani amelala.

Mstari mwekundu haukujua. Hilo ndilo pekee nina hakika nalo. Bwana Osward aliupiga kwa rula, umenyooka kabisa, na haukujua lolote.

Utayakuta makoti huko Dodoma. Siku hizi sidhani kama ni makoti. Pengine ni kompyuta iliyoachwa inawaka, au ile nukta ya kijani uliyonionyesha, inayosema mtu yupo. Siku utakapokuwa umechoka, umeonewa, umerudishwa kwenye kiti ambacho hukukitaka, utashawishika kutundika kitu pale na kuondoka. Nitakuelewa. Lakini mkumbuke yule mwalimu akipangusa vumbi kwenye koti. Mimi ningetamani nisiwe namkumbuka.

Ijumaa, ulipokwenda kukata tiketi, nilimpigia simu mkuu wako. Nilibonyeza namba nikakosea mara mbili. Nikamweleza kwamba lile neno likizo nililitunga mwenyewe kwa ujinga, kwamba mashineni nilikutuma mimi saa yako ya chakula, na kwamba pale kwenye foleni ulikuwa unashughulikia jambo la mzee wa Mtwara. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Mzee, haya niandikie. Siahidi kitu, maana uamuzi hauko kwangu peke yangu, lakini yaandike."

Nikamwambia, "Mama, nilikuwa masjala. Kuandika naweza."

Nimeandika. Iko kwenye bahasha ya pili, humuhumu ndani ya hii. Sikuifunga ili uisome. Nimesaini na kuweka dole gumba, ingawa hakuna aliyeniomba dole. Ukitaka mpelekee. Ukiona itakuaibisha mbele ya wenzako, kwamba baba yako amekuandikia barua kama mtoto wa shule, ichane. Wala sijui ninachokiomba ndani yake. Nimeandika kwamba wakurudishie ruhusa yako kwa sababu ni haki yako. Lakini nimekaa hapa nikajiuliza: ni kwa ajili ya haki yako, au ni kwa sababu nyumba hii bila sauti yako ya "ndiyo mkuu" itanishinda? Nimeshindwa kuzitenganisha. Wewe mwenyewe kama hutaki kurudi kwenye nyumba ya kufukuza kuku, sema. Nitanuna siku mbili, kisha nitaelewa.

Jambo moja tu nakuomba, nalo si la ofisini. Utakapoisoma hii utakuwa kwenye basi. Mpigie Anitha kabla hamjafika Tunduma. Usingoje mkutane chumbani huko Dodoma, kila mmoja na uso wake. Mwambie, "Alikuwa baba." Akicheka, mwache acheke. Akikasirika, mpe namba yangu. Mimi nitapokea nikiwa nimesimama.

Nimesikia lango la jirani, nikadhani ni nyinyi. Bado. Naona jua linashuka kwenye paa la mashine.

Ulisahau sweta lako la kijani mgongoni mwa kiti hiki. Nimekaa nimeliegemea mchana kutwa. Nilikuwa nimeamua kuliacha hapahapa, ili nikipita asubuhi na kikombe changu nilione, nijidanganye kwamba umekwenda chooni, unarudi. Nikaona hapana. Nimelikunja, nimeliweka kwenye begi lako, juu ya unga wa ulezi. Kile cheti nacho nimekishusha. Ukutani pamebaki alama tu ya mraba. Kiti kitakaa kitupu. Na mtu akipiga simu kukuulizia, safari hii nitamjibu sawasawa: Skola hayupo.

Baba yako